Utangulizi: Nguo za Nje na Ujuzi wa Ndani

Sokoni Masalani, Kenya, utamkuta fundi wa cherehani akifumua suruali ya mtumba: anapunguza kiuno, anakata miguu, anapiga upindo upya. Wateja hawakosi. Ila hakuna anayemtaka ajue kusokota uzi wala kufuma kitambaa, maana kazi hizo zilishafanywa ng'ambo. Taaluma ninayokukaribisha kwayo, uchumi wa biashara na ajira, inauliza hilo hasa: bidhaa za nje zikijaa, ni ujuzi upi unaoendelea kutafutwa, na upi unakosa mwajiri?

Jibu mashuhuri lilitolewa mwaka 1941 na Wolfgang Stolper na Paul Samuelson. Kwa hoja yao, nchi ikifungua milango ya biashara, anayeumia ni yule ambaye uadimu ndio uliompandishia bei. Marekani, huyo ni kibarua. Kwetu, ambako vibarua ni tele, ni fundi stadi. Nadharia safi kabisa, labda safi kupita kiasi: inadhani anayepoteza kazi atapata nyingine upesi. Mwaka 2013 David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walionyesha kwamba Marekani kwenyewe, maeneo yaliyoshindana na bidhaa za China yalikaa na majeraha kwa miaka.

Kenya ililegeza masharti ya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mitumba ikamiminika. Kiwanda cha nguo cha Kicomi, Kisumu, kikafungwa. Rivatex ya Eldoret nayo ikaanguka. Mfagizi wa kiwanda anaweza kufagia kwingine. Fundi aliyezoea sauti ya mtambo mmoja wa kufumia, akajua kwa sikio tu kwamba uzi umekatika, ataupeleka wapi ujuzi huo?

Lakini tusiibebeshe mitumba kila lawama. Hola, jirani ya Masalani kwa upande wa juu wa Mto Tana, kilimo cha pamba ya umwagiliaji kilikwama mwaka 1989 mto ulipohama mkondo, kabla ya milango kufunguliwa. Halafu kuna mashine: Rivatex, iliyonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ilizinduliwa upya mwaka 2019 ikiwa na mitambo ya kisasa, isiyomhitaji fundi yule wa zamani. Kutenganisha visababishi hivi ndiyo kazi ngumu ya taaluma yetu.

Basi, mgeni wetu, kabla hujagusa takwimu za taifa, tafuta orodha ya mishahara ya kiwanda kimoja. Humo utaona nani aliachishwa kwanza na nani aliitwa tena.