Kubanana ndani ya daladala huustua mwili

ABIRIA anayetoka Uyole kwenda Mwanjelwa jijini Mbeya, au anayepanda kutoka Ipogolo kwenda Miyomboni mjini Iringa, ameizoea sauti ya kondakta ikihimiza watu wasogee. Kiti cha watatu hukaliwa na wanne, na pumzi ya mtu asiyefahamika humfikia shingoni.

Wengi huichukulia hali hiyo kuwa usumbufu tu. Hata hivyo, utafiti unaonyesha kuwa mwili huipokea kama dalili ya hatari.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward Hall, alieleza katika miaka ya 1960 kuwa kila mtu hujiwekea mpaka usioonekana. Miongoni mwa Wamarekani aliowachunguza, umbali wa chini ya sentimita 45 ulikuwa wa watu wa karibu sana, kama wanandoa na watoto. Vipimo hivyo hutofautiana kwa utamaduni.

Mlinzi wa mpaka huo ni amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayotambua hatari. Mwaka 2009, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California walimpima mwanamke ambaye ugonjwa ulikuwa umeiharibu sehemu hiyo pande zote mbili za ubongo. Aliridhika kusimama sentimita 34 hivi kutoka kwa mgeni, wakati wenzake walihitaji wastani wa sentimita 64.

Amigdala inapostuka, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza na viganja hutoka jasho. Homoni ya kotisoli hufuata polepole na huweza kufikia kilele baada ya dakika 20 hadi 30, yaani wakati abiria ameshafika kazini.

Mwaka 2007, watafiti Gary Evans na Richard Wener walichapisha matokeo ya uchunguzi wa abiria 139 wa treni za kwenda New York. Msongamano wa behewa zima haukuwa na athari kubwa. Kotisoli iliyopimwa kwenye mate iliongezeka kwa waliobanwa katika safu yao ya viti.

Ukaribu wenyewe si adui. Nyanda za Juu Kusini watu husalimiana kwa kushikana mikono kwa muda mrefu, na msibani waombolezaji hukaa wamebanana wakafarijiana. Tofauti ni hiari: ndani ya daladala abiria hakumchagua jirani, wala hana pa kusogea.

Kwa sababu hiyo, mwanamke anayelalamika kushikwashikwa hapaswi kuambiwa azoee. Mwili wake umetoa onyo la kweli, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai.

Kwa msongamano wa kawaida, kukaa dirishani, kupakata mkoba na kutoa pumzi polepole huweza kuutuliza mwili. Dawa kamili ni kila abiria kupata kiti chake.