KARATASI HAIMKINGI MTU: CHOMWA SINDANO MBELE YA SAFARI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Wakati wa konji na wakati wa safari ya Makka, kuna watu wanaokuja kwenye dispanseri siku mbili tu mbele ya kuondoka. Wanaomba muhuri ndani ya kitabu cha chanjo, lakini sindano hawaitaki. "Bwana munganga, nisaidie na karatasi tu." Jibu letu ni hapana. Sikiliza sababu.

Menenjiti ni ugonjwa wa ngozi laini zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Ile inayoleta milipuko hupita kwa mate, kikohozi na chafya. Mtu anaweza kubeba vijidudu kooni bila yeye mwenyewe kuugua. Kwa hiyo inapenda mahali watu wanapolala wakisongamana: mahema ya mahujaji, nyumba za askari, kambi za wachimbaji.

Mwaka 1987 mahujaji waliugua Makka. Mwaka 2000 mlipuko ulirudi, kwa vijidudu vya kundi W. Safari hiyo waliugua hata watu wa nyumbani, huko Ulaya, ambao hawakukanyaga Makka: mhuji aliwaletea. Leo Saudia inadai chanjo ya makundi manne, A, C, W na Y, iliyochomwa angalau siku 10 mbele ya kufika.

Katika Afrika, ugonjwa huu hupanda hasa wakati wa kiangazi, Desemba hadi Juni, katika nchi zilizopangana toka Senegali hadi Etiopia. Usiseme ni mambo ya wageni. Septemba 2021 mlipuko wa kundi W ulitangazwa hapa Kongo, kule Banalia, jimbo la Tshopo. Siku ya kutangazwa, kati ya wagonjwa 261 waliodhaniwa, 129 walikuwa wamekwisha kufa.

Siku 10 ni muda ambao mwili unauhitaji ili kutengeneza kinga. Nani anavaa kofia ya kazi wakati jiwe limekwisha kuanguka? Uje mwezi mmoja mbele ya safari. Kama ulichomwa zamani, leta kitabu tuangalie tarehe, kwani nguvu ya chanjo hupungua na miaka.

Chanjo haizuii kila namna ya menenjiti. Basi ujue dalili:
– homa kali ya ghafula na kichwa kuuma sana;
– shingo kukakamaa, kutapika, macho kuogopa mwangaza;
– akili kuchafuka, au madoa ya damu kwenye ngozi;
– mtoto mchanga kukataa ziwa, kulegea, utosi kuvimba.

Usikae nyumbani ukimeza dawa za malaria na kungoja kesho. Mgonjwa anaweza kufa kwa siku moja, na anayepona anaweza kubaki kiziwi. Mpeleke hospitali saa ile ile, hata usiku. Useme alitoka wapi na nani alilala naye, ili nao wapewe dawa.

Safari njema, na urudi mzima kwa bibi na watoto.