Kwanta Haijui Figo Zako

Maswali kuhusu "kipimo cha kwanta" hayaishi. Unashika kifimbo cha chuma, kompyuta inatoa orodha ya magonjwa yako yote, kisha mwenye mashine anakuuzia virutubisho. Eti imesoma mawimbi ya chembe za mwili.

Mawimbi ya chembe yapo, na yanapimwa. Mwaka 1975 wanafizikia Colella, Overhauser na Werner walichukua nyutroni, chembe za ndani ya kiini cha atomi, kutoka kinu cha nyuklia cha Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wakazipitisha kwenye fuwele ya silikoni iliyochongwa ili wimbi ligawanyike njia mbili, kisha likutane tena. Fuwele ikilazwa, njia zote ziko kimo kimoja. Ikiinamishwa, moja huwa juu ya nyingine kwa sentimita chache. Nyutroni ikipanda hupunguza mwendo, na chembe inayopunguza mwendo wimbi lake hurefuka. Hivyo mawimbi yanapokutana, vilele havilingani tena: mara yanakuzana, mara yanafutana. Kadiri fuwele ilivyozungushwa, idadi ya nyutroni kwenye kihesabio ilipanda na kushuka. Wala si nyutroni mbili zinazogongana njiani. Ni wimbi la nyutroni moja, limepita juu na chini, likakutana na lenyewe!

Siku hizi hutumika zaidi atomi za rubidi. Leza huzipoza hadi sehemu za milioni za nyuzi kutoka baridi ya mwisho kabisa, -273 za Selsiasi, ndani ya chombo kisicho na hewa. Zikiwa zinaanguka, mipigo mitatu ya leza huligawa wimbi, huligeuza na kuliunganisha. Muda kati ya mipigo ukiwa maradufu, athari ya mvutano wa dunia kwenye wimbi huwa mara nne. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kina mnara wa mita 10, ili atomi zipate muda mrefu wa kuanguka. Humo, mwaka 2020, rubidi nyepesi na nzito zilianguka sawasawa, tofauti isizidi sehemu chache kwa trilioni. Bado wapo wanaobisha kuwa kizito huwahi chini.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitumia kifaa cha namna hiyo, kinachohisi tofauti ndogo za mvutano, kugundua handaki chini ya barabara. Handaki, si kisukari. Mwili wenye nyuzi 37, damu ikizunguka, huvuruga mawimbi hayo papo hapo. Kifimbo hakisomi chochote cha kwanta.

Sukari hupimwa kwa tone la damu, figo kwa damu na mkojo. Nenda kituo cha afya, na usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya karatasi ya tapeli.