Bunduki Nyepesi na Mdomo Unaoruka

Bunduki nyepesi ya kupambana na wanyama waharibifu, kwa mfano ile ya risasi za .223 Remington, haimuumizi mtu bega. Kwa sababu hiyo wengi huona kwamba kuhangaika na teke lake ni kutafuta starehe, na kwamba mwanamume aliyezoea G3 ya polisi hawezi kulalamikia silaha ndogo kama hiyo. Kwa upande wa bega wana haki, ila bega silo linaloniletea wasiwasi. Wasiwasi wangu ni watu wanaoishi karibu: sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani takriban 958 kwa kila kilomita ya mraba, na 605,576 Nyamira, takriban 675 kwa kilomita. Risasi ya .223 iliyokosa na kupaa inaweza kufika kilomita 3 hivi. Kwenye mteremko wa chai na migomba, ambako paa la mabati la jirani liko chini kidogo tu ya shamba, teke la bunduki ni suala la usalama: mpigaji ambaye mdomo wa mtutu wake umeruka na kumtoa kwenye shabaha hajaona risasi yake ilikotua.

Tuanze na hesabu. Risasi ya kawaida ya aina hiyo ina uzito wa gramu 3.6 hivi na hutoka kwa kasi ya karibu mita 980 kwa sekunde. Nyuma yake kuna gramu 1.6 za baruti zinazogeuka gesi na kutoka kwa kasi kubwa zaidi. Msukumo unaokwenda mbele lazima ulipwe nyuma. Bunduki ya kilo 3 hurudi kwa karibu mita 1.9 kwa sekunde. Ile ya kilo 5, kwa risasi ileile, kwa mita 1.2 tu, na nishati inayomfikia mpigaji hushuka kutoka jouli 5.6 hivi hadi 3.4. Huko kurudi nyuma kungekuwa kumenyooka, tusingekuwa na la kusema. Lakini mtutu hukaa juu kuliko mahali kitako kinapogusa bega, kwa hiyo bunduki huzunguka badala ya kurudi tu, na mdomo hupanda. Kupanda kwa digrii 1 kunahamisha mtazamo mita 1.75 kwa umbali wa mita 100. Darubini ya kukuza mara 10 huonyesha eneo la upana wa mita 3.5 hivi kwa umbali huo, kwa hiyo digrii hiyo moja inatosha kuisukuma shabaha hadi ukingoni mwa kioo, wakati uleule ambapo risasi inafika.

Hapo hujitokeza pingamizi la maana: risasi si imeshatoka kabla mdomo haujaruka? Karibu kweli. Risasi inapouacha mtutu wa sentimita 60, bunduki ya kilo 3 haijarudi hata milimita moja kamili. Kuruka tunakokuona hutokea baadaye, kwa hiyo hakuharibu sana shabaha ya risasi iliyokwisha kutoka. Kunachoharibu ni ushahidi. Mpigaji hajui kama amepata, kama amekosa kwa juu, au kama risasi imegonga jiwe na kuruka kuelekea bondeni, na risasi ya pili huipiga kwa kubahatisha.

Dawa zake hazilingani. Mto wa mpira kwenye kitako hurefusha muda wa msukumo na kulifariji bega, ila mdomo huuacha uruke kama kawaida. Breki ya mdomo wa mtutu inafanya kazi kweli, kwa kuwa gesi peke yake hubeba karibu asilimia 40 ya teke zima. Ukizipeleka pembeni na juu, bunduki hutulia. Gharama yake ni sauti. Mlio wa bunduki unazidi desibeli 140, kiwango ambacho mshindo mmoja unaweza kudhuru sikio, na breki huurudisha mshindo huo kwa mpigaji na kwa aliyesimama kando yake. Ninachokipendelea mimi ni kitu cha kizamani zaidi: uzito, tena uwe mbele, kwenye mtutu mnene, kitako kilichonyooka sambamba na mtutu, miguu miwili ya kuegemea, na mwili uliolala sawasawa nyuma ya silaha badala ya kuipa bega la pembeni. Wanajeshi wa kikoloni wa King's African Rifles waliovamia Gusii, yaani eneo hilihili la Kisii na Nyamira, mwaka 1905 walikuja na bunduki ya rashasha, na rashasha ya Maxim ilitumia teke lake lenyewe kujipakia risasi. Iliwezekana kuielekeza kwa sababu ilikuwa nzito na imekaa juu ya stendi, haikushikwa begani.

Wapo watakaosema kilo 5 hazipandishiki vilima vya Manga. Zinachosha, ndiyo. Lakini kazi hii si doria ya siku tatu: mlengaji hukaa mahali pamoja, akiwa na udongo wa kilima nyuma ya shabaha, na akikosa udongo huo hafyatui hata bunduki yake iwe tulivu namna gani.

Na kazi hiyo ina mwenyewe. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 tumbili anayevunja mahindi ni wa kushughulikiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Leseni ya silaha haimpi mkulima ruhusa ya kumpiga. Fuko, ambaye huenda anawatia hasara wakulima wengi zaidi wa viazi na migomba, anaishi chini ya ardhi na hakuna risasi inayomfuata huko. Huyo mwiteni mtegaji, na wa tumbili pigieni KWS. Nao maafisa wakija na bunduki, waulizeni kwanza risasi itaishia wapi.