Kumtunza Paka Mzee Mwenye Maradhi

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kiumbe mdogo ambaye watu humwona kila siku wala hawamfikiri: paka wa nyumbani, na hasa paka aliyekwisha kuzeeka na kupatwa na maradhi yasiyopona. Labda mtu atacheka na kusema, "Je, paka naye hutunzwa uzeeni?" Asicheke upesi, atusikilize kwanza.

Na twende Nyololo, katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, mahali ambapo njia ya kwenda Igowole na Kibao, kwenye mashamba ya chai, huachana na barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Nchi ile ni ya baridi, na watu wake hulima mahindi na maharagwe. Mavuno yakiisha, chakula huwekwa akiba nyumbani, na panya nao hujua hayo. Hula, hutoboa magunia, na kile wasichokila hukichafua kwa mkojo na mavi. Ndiyo maana wazee walinena: Paka akiondoka, panya hutawala.

Urafiki huu wa paka na ghala ni wa zamani sana. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza habari za kaburi la kale katika kisiwa cha Saiprasi, lenye umri wa miaka kama 9,500, ambamo mtu alizikwa na paka karibu yake. Wazazi wa paka wetu walikuwa paka-mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi. Watu walipoanza kuweka nafaka, panya walikuja. Na panya walipokuja, paka aliwafuata.

Sasa tufanye mfano. Bibi mmoja wa Nyololo ana paka aliyelinda mahindi yake miaka 13. Siku hizi paka huyo amekonda, manyoya yamesimama, naye hunywa maji mara kwa mara na kukojoa sana. Panya akipita, humtazama tu. Mjukuu asema, "Bibi, paka huyu hana kazi tena. Nimtie guniani nikamtupe mbali, tutafute mwingine." Bibi amjibu, "Mjukuu wangu, usitupe mbachao kwa msala upitao. Mahindi uliyokula ulipokuwa mdogo, nani aliyekulindia?"

Bibi amesema kweli. Walakini huruma peke yake haitoshi, yataka maarifa. Paka aliyetimiza miaka 10 amekwisha kuingia uzeeni, na wa miaka 15 ni kama mtu aliyepita miaka 70. Uzee wenyewe si ugonjwa. Paka akikonda, au akinywa maji kupita desturi yake, kuna sababu. Aghalabu sababu hiyo ni figo zilizochoka. Pengine ni kisukari, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, hata paka hula sana na bado hukonda. Meno mabovu nayo humzuia kula, na maumivu ya viungo humzuia kuruka. Si uvivu wala si uchawi.

Figo ni mfano wa chujio la chai. Kazi yake ni kuondoa taka katika damu na kuzitoa kwa mkojo, huku ikirudisha mwilini maji yanayohitajiwa. Chujio likiharibika, maji mengi hutoka bure na taka hubaki. Ndipo paka hushikwa na kiu, hutapika, na chakula humchukiza. Jambo la kuogopesha ni hili: dalili nyingi hazionekani mpaka kiasi cha thuluthi mbili za nguvu za figo zimekwisha kupotea. Sehemu iliyokufa hairudi. Kazi yetu ni kuilinda ile iliyobaki.

Kwanza, maji. Paka mwenye figo mbovu asinyimwe maji hata kidogo, ati kwa sababu akojoa sana. Hakojoi kwa kuwa anywa. Anywa kwa kuwa akojoa. Mwekee maji safi katika vyombo viwili au vitatu, mbali kidogo na chakula chake. Waweza kumwongezea mchuzi wa nyama usiotiwa chumvi, pilipili wala kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya paka.

Pili, chakula. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Katika nyama na samaki kuna kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka aliyekosa taurini huharibika macho; na mwaka 1987 ikajulikana kwamba moyo wake pia hudhoofika. Basi ugali mtupu haumfai. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, nyama laini iliyopikwa na kukatwakatwa, au yai lililochemshwa. Dagaa wenye chumvi waloweshwe kwanza na maji yamwagwe. Maziwa huwaharisha paka wengi wazima. Paka akikataa chakula siku nzima, usingoje ya tatu, maana paka asiyekula huharibika ini upesi.

Tatu, joto. Miezi ya Juni na Julai baridi ya Mufindi huwaumiza hata vijana. Tandika gunia kavu katika kapu lenye ukingo mfupi, uliweke karibu na jiko, lakini si karibu hata cheche zimfikie. Weka pia sanduku fupi la mchanga, asilazimike kutoka nje usiku. Makucha yake yatazamwe, kwa kuwa paka mzee hayanoi vizuri, nayo huweza kupinda na kuchoma nyama ya wayo.

Nne, dawa. Hapa twaomba msikilize kwa makini. Usimpe paka dawa ya binadamu kwa kukisia. Kidonge kimoja cha Panadol chaweza kumwua, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja sumu yake, na damu yake hushindwa kuchukua hewa. Kadhalika dawa nyingi za kupe za mbwa na ng'ombe ni sumu kwake. Wala usitege sumu ya panya mahali anapowinda, maana akimla panya aliyekula sumu, huweza kufa naye.

Tano, daftari. Hapa mwanafunzi aweza kuwa msaada mkubwa. Kila mwezi mtie paka kapuni, mpime kwa mizani, kisha toa uzito wa kapu. Andika tarehe, uzito, alivyokula na alivyokunywa. Paka wa kilo 4 akipoteza nusu kilo, amepoteza sehemu moja katika nane ya mwili wake. Ni kama mtu wa kilo 64 kupoteza kilo 8. Daftari hilo mpelekee bwana mifugo au daktari wa wanyama. Litamweleza mengi ambayo paka hawezi kuyasema. Mwulize pia habari za chanjo ya kichaa. Paka akibadilika ghafula, akawa mkali bila sababu na kuuma watu, usimshike. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Mwisho, hapana budi tuseme neno zito. Siku itakuja ambapo paka hataki chakula kabisa, hawezi kusimama, na hajitambui. Wakati huo huruma si kumtia guniani na kumtupa msituni au mtoni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Mwite mtaalamu, amtazame; na kama hakuna tumaini, ampe dawa ya kumaliza maumivu yake kwa upole. Kisha mzikeni.

Na ghala je? Lete paka mtoto, ajifunze kuwinda. Na mahindi yawekwe katika vyombo vizuri vyenye kifuniko. Mdogo na afanye kazi, mzee na apumzike. Twasema fadhila za punda ni mateke. Basi mwanadamu asiwe punda. Mtoto amwonaye bibi yake akimwekea maji paka asiye na kazi tena, hujifunza jinsi ya kumtunza bibi mwenyewe siku atakapozeeka.