Maumivu ya magoti yanavyokula msimu wa mkulima Rufiji na Kibiti

PALIZI ya mpunga katika delta ya Rufiji hufanyika mtu akiwa ameinama au amechuchumaa kwenye tope kutwa nzima. Mwenye goti bovu huanza kwa kupumzika siku moja, kisha mbili, na magugu hayamsubiri. Mwisho hulazimika kumlipa kibarua, na faida ya shamba huanza kupotea kabla mpunga haujachanua.

Wengi huyaita maumivu hayo uzee, wakayaacha. Uzee umo, lakini si peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kulika kwa viungo, na asilimia 60 kati yao ni wanawake. Goti ndilo huathirika zaidi, likiwa na wagonjwa milioni 365.

Ndani ya goti kuna gegedu, tabaka laini linalozuia mifupa kusuguana. Gegedu likilika, goti hukaza asubuhi, huuma mtu anapoinuka au kupanda ngazi, na wakati mwingine hulia. Unene, kuumia zamani na kurithi huchangia. Kazi nayo huchangia: utafiti wa Framingham, Marekani, uliotolewa mwaka 1991, uliona kuwa wanaume waliofanya kazi nzito za kukunja magoti walipata ugonjwa huo karibu mara mbili ya wenzao wa kazi nyepesi.

Hapo ndipo wakazi wa Kibiti na delta wanapohusika. Kuokota korosho chini ya mkorosho na kuzitenga na mabibo, kukuna nazi juu ya mbuzi, kupanda na kushuka dungu wakati wa kuamia ndege, kupakia boriti za mikoko maji yakiwa yamekupwa: zote ni kazi za goti.

Juu ya hayo kuna mzigo. Mtu akitembea kwenye tambarare, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na akishuka ngazi huzidi hapo. Sasa mtwishe gunia la lumbesa, avuke ubao kutoka kwenye mashua. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa na kusisitiza gunia lisizidi kilo 100, kwa kuwa mkulima anapunjwa. Sababu ya pili, ambayo haisemwi sana, imo kwenye magoti ya mpakiaji. Hata kilo 100 ni nyingi kwa mtu mmoja. Mfanyabiashara anayefungasha kilo 50, au anayetumia toroli, hapotezi kitu kwenye mizani.

Shambani, mpunga uliopandwa kwa mistari, kama inavyofundishwa katika kilimo shadidi, hupaliliwa kwa kipalizi cha kusukuma mtu akiwa amesimama. Mpini mrefu wa jembe nao hupunguza kuinama. Anayechambua korosho akalie kigoda kirefu kuliko kile cha mbuzi, na ainuke kila baada ya nusu saa hivi anyooshe miguu. Mnene akipunguza hata kilo chache, goti huona tofauti.

Kulala kitandani miezi siyo tiba. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolishika goti, na misuli isiyotumika hulegea. Zoezi lake halihitaji fedha. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa, ushikilie ukihesabu hadi tano, kisha uushushe taratibu. Rudia mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ukizoea, ongeza la kuinuka kwenye kiti na kukaa tena bila kushika kitu. Maumivu kidogo si hatari. Yakizidi mpaka kesho yake, punguza. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na wengi huacha kabla ya hapo. Fimbo ya kutembelea ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, si ule unaouma. Goti likivimba baada ya kazi, barafu ya wavuvi ikifungwa kwenye kitambaa husaidia. Likikaza, kitambaa cha maji ya vuguvugu.

Dawa ni mahali pa kuwa mwangalifu. Diklofenaki ya vidonge hutuliza haraka, ndiyo maana hununuliwa kila wiki kwenye maduka ya dawa. Ikimezwa muda mrefu huleta vidonda vya tumbo, hudhuru figo na hupandisha shinikizo la damu. Ile ya kupaka ina madhara madogo zaidi, nayo hufaa goti. Vidonge visivyo na jina wala pakiti visimezwe: vikiwa na predinisoloni, mtu huona amepona huku mifupa ikidhoofika na sukari ikipanda.

Siyo kila goti linalouma limelika. Chikungunya, homa ya mbu iliyotambuliwa kwanza kusini mwa Tanzania mwaka 1952 na kupewa jina la Kimakonde kwa jinsi inavyomkunja mgonjwa, huweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi. Goti lililovimba likawa la moto, pamoja na homa, linahitaji hospitali siku hiyo hiyo, hasa kwa mtoto au mwenye selimundu. Vivyo hivyo goti lililojifunga, au lisilobeba uzito baada ya kuanguka.

Kwa maumivu yaliyopita miezi mitatu, safari huanzia zahanati. Wa visiwani, ambao boti zao hufuata maji hadi Nyamisati, wabebe pakiti za dawa zote walizotumia, waeleze na kazi wanayofanya. Wakihitaji zaidi, hupewa rufaa hadi Tumbi, Kibaha, au Taasisi ya Mifupa (MOI) Muhimbili, ambako magoti yaliyokwisha kabisa hubadilishwa kwa ya bandia.