Tumsifupo Mama, Tuukumbuke na Mwili Wake

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, husomeshwa kama mafunzo ya utiifu wa mke, na watetezi wa haki za wanawake wameukosoa kwa hilo. Hata hivyo, mtunzi alikuwa mama mgonjwa, akimwachia bintiye urithi wa maneno. Ugonjwa huo aghalabu hatuutaji darasani. Ndivyo tulivyo: twamsifu mama, mwili wake twausahau. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa nchini Kenya wanawake 355 walikufa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ada za kujifungulia katika hospitali za umma ziliondolewa mwaka 2013, lakini uhaba wa damu na wakunga haukwisha. Walimu, wafunzeni vijana kuuliza: mama huyu tunayemsifu, nani alimuuguza?